Wanataka Niseme Damu Ilikuwa ya Bertin

Mama Domitille, salamu kutoka hapa Kalemie, nisaidie haraka kwa sababu Jumamosi iko karibu na kichwa changu hakifanyi kazi tena.

Mimi ni mama wa Reine, mtoto wa miaka sita. Mwaka jana malaria ilimkausha damu, tukamkimbiza hospitali moja ya mjini, jina naliacha, na muuguzi akatuambia kama kawaida yao, "Mama, mutoto anahitaji damu, lete muntu wa familia atoe," basi nikamwita Bertin, mdogo wangu wa tumbo moja, akaja mbio hata viatu hakuvaa, wakamlaza chumba cha pili wamtoe damu, na kabla hajatoka muuguzi akaniletea mfuko wa damu, akaniambia niubane kwapani kwanza maana ulikuwa baridi mno, kisha wakamtundikia Reine, mtoto akafungua macho akaomba chakula, bukari na ndagala, tukaimba, tukamwita Bertin baba wa pili.

Baadaye Reine akaanza kukonda, wakampima wakamkuta na virusi vya UKIMWI. Mimi na mume wangu Anatole tulipimwa, hatuna. Mtoto anameza dawa, anaendelea vizuri, Mungu asifiwe, ila tukasikia familia nyingine zimepata yaleyale hospitali ileile, tukaungana kuomba serikali ifanye uchunguzi. Mwanzo wakubwa walisema wamesikia kilio chetu, halafu wakasema tume itaundwa, halafu kimya, na sasa wamemtuma afisa atangaze kwamba uchunguzi hauna kazi kwa kuwa damu zote zililetwa na familia zenyewe, kwa hiyo kila familia imtafute aliyeleta virusi nyumbani kwake.

Neno hilo limevunja nyumba yangu. Mama mkwe alisema mbele ya watu, "Damu ya kwenu njo imeharibu mutoto wetu," yaani damu ya ndugu yangu ndiyo iliyomwambukiza Reine. Bertin alichukua nguo zake akaenda Zongwe kuvua samaki ziwani, hapokei simu, anakataa kupimwa, naye mwenyewe anaamini ni yeye. Jumamosi afisa anakutana na familia, na Anatole, anayefanya kazi biro ya serikali, ameambiwa na mkubwa wake kwamba mimi nisimame niseme damu ilikuwa ya ndugu yangu, ili mambo yaishe. Ananiambia, "Mama Reine, si njo kweli? Sema tu, tulale." Nikisema, nimemzika mdogo wangu akiwa hai, nikikataa, mume wangu anaweza kupoteza kazi, na naogopa watamkatia mtoto dawa. Nifanye nini?

Mama Reine, Kalemie

JIBU

Mama Reine, pole. Pole sana. Barua yako niliisoma nikalia, nikairudia nikakasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako wewe.

Hebu soma mwenyewe ulichoandika. Bertin bado amelazwa chumba cha pili, na wewe tayari una mfuko kwapani unaupasha joto. Damu ya kijana aliyefika anatweta inakuwaje baridi? Mfuko ule ulitoka kwenye frigo, mama. Hapa kwetu nani hajaombwa alete mtu atoe damu? Na karibu sote tunadhani hiyohiyo ndiyo inaingia kwa mgonjwa wetu. Mara nyingi sivyo: ya ndugu inabaki hospitali kujaza nafasi ya ile iliyotumika, na inatakiwa ipimwe kwanza kabla ya kupewa mtu yeyote. Nani alitoa ile ya Reine, na ilipimwa au haikupimwa, mimi sijui, wewe hujui, na afisa naye hajui. Lakini ninyi mmelibeba jibu lake mpaka nyumbani, mkamtupia kijana aliyekuja bila viatu. Mwambie na mama mkwe wako, kwa heshima, lakini mwambie.

Dawa za Reine zinatolewa bure na si mali ya afisa huyo. Asikose kumeza hata siku moja. Mtu akikutisha juu ya dawa, mwambie anayemtibu mtoto, na ulirudie tishio hilo mbele ya familia zote. Kuhusu kazi ya Papa Reine sikudanganyi, mkubwa wake anaweza kumsumbua. Akiogopa, abaki nyumbani Jumamosi. Ila asikutume wewe ukaseme jambo ambalo hakuna anayelijua.

Kesho panda boti uende Zongwe, na Reine mkononi. Usitume mtu. Mweleze Bertin habari ya ule mfuko wa baridi, umwombe msamaha, kisha umsindikize akapimwe kwa ajili ya afya yake mwenyewe. Majibu yatakuwa ni yake, na yawe mazuri au mabaya, hayabadilishi mfuko ule ulitoka wapi.

Jumamosi uwahi. Kaa kati ya mama wenzako, uwaulize kila mmoja kama mfuko aliopewa ulikuwa wa moto au wa baridi. Halafu simama. Usiseme damu ilikuwa ya Bertin, wala usiape kwamba haikuwa yake. Sema ulichokishika kwa mkono wako. Na afisa akikukaripia, "Sasa mama, damu ilikuwa ya nani?", umjibu polepole, wote wasikie: "Papa, njo ile tunawauliza ninyi."