Vidonge vya Shingo Usivitupe, Shemeji

Kijiji cha Kiseke,
Mwanza.
14 Juni 1976

Mpendwa Shemeji Immaculata,

Shikamoo. Marahaba yako nimekwisha isikia hata kabla hujaitamka, maana nakujua, utaitoa huku umenuna kidogo. Hujambo huko Songea? Baridi haijakugeuza jiwe? Na hao watoto unaowafundisha, bado wanakuogopa kama ninavyokuogopa mimi? Sisi huku tu wazima. Mama yangu Dorotea siku hizi anatembea na fimbo, ila kazi kubwa ya fimbo hiyo ni kunionyesha mimi kazi. Mdogo wako Leonsia hajambo, na yeye ndiye sababu ya kalamu hii.

Mimi bado niko kwenye kivuko pale Kigongo. Nahodha anashika usukani, sawa, lakini kamba naishika mimi, na bila kamba yangu Kigongo na Busisi zisingesalimiana. Mtu niliyefika Kisumu na Port Bell sina haja ya kujisifu, kwa hiyo naishia hapo.

Barua yako tumeisoma, mimi na Leonsia, tumekaa juu ya jiwe letu lile linaloangalia ziwa. Unasema tangu upewe vidonge vya tezi ya shingo sukari yako imepanda, ingawa sindano unajidunga kama siku zote na chai unakunywa bila sukari. Unasema mwezi huu ukiisha utavitupa chooni. Shemeji, ngoja kwanza. Nisikilize, halafu choo hakitakimbia.

Unakumbuka mwaka jana Leonsia alivyokuwa. Hapana, hukumbuki, hukumwona. Alianza kuwa mbali huku amekaa karibu. Joto la hapa unalijua, lakini yeye khanga mbili na blanketi juu. Ukimwita, jibu linakuja wakati wewe umekwisha sahau ulichotaka. Sauti yake, ile mliyoimba nayo kwaya kule kwenu Bukoba, ikawa nzito kama ya chura wa majaruba ya mpunga. Alfajiri ukungu ukipanda kutoka ziwani hadi kwenye mihogo, nilimtazama pale mlangoni nikaona kama yeye naye ni ukungu, na jua likichomoza sitamkuta.

Ndipo nikampeleka ng'ambo, Sengerema. Daktari akampapasa shingo, akachukua damu, wakaipeleka mbali kuipima. Majibu yalipokuja akasema tezi ya shingoni imesinzia, na mwili mzima umesinzia nayo. Akampa vidonge.

Shemeji, sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama kutazama kisiwa kikitoka kwenye ukungu: kwanza jiwe, halafu mti, halafu moshi wa jiko. Siku moja aliacha blanketi. Siku nyingine alicheka utani wangu siku hiyo hiyo niliousema. Nikajua mke wangu anarudi, anakuja polepole kwa miguu yake.

Basi tukiwa katika furaha hiyo, sukari yake, maana naye ni mtu wa sindano kama wewe, ikapanda. Kiu, unaijua wewe mwenyewe, mtungi unakauka. Kila akipima, ile dawa ya buluu wanayoichemsha na mkojo (nisamehe kuutaja mbele yako) badala ya kubaki buluu inakuwa nyekundu kama tofali. Mimi nikasema, jamani, dukani kwa ushirika tunapanga foleni sukari haipo, kumbe yote imehamia kwa Leonsia! Hakucheka.

Mama Dorotea naye hakucheka. Alikwisha toa hukumu: matobolwa. Ni viazi vitamu vyetu Wasukuma, vinachemshwa kisha vinaanikwa juani mpaka vikauke, na huyu mdogo wako, mtu wa ndizi, amevipenda kuliko sisi tuliozaliwa navyo. Daktari alimwambia avipunguze, akapunguza. Mama haamini.

“Matobolwa hayana miguu,” akasema. “Yanakwenda wapi?”

“Mama, mimi sijagusa,” Leonsia akasema.

“Tutaona.”

Akafanya mtego wa kizee. Akanyunyiza jivu juu ya kapu la matobolwa na kwenye mfuniko, ili mdokozi aonekane vidole. Tukakaa kama polisi. Leonsia akawa anapita na mikono yake mbele, misafi, na machozi yamemlenga, maana hakuna kitu kinachouma kama kuitwa mwizi wa chakula katika nyumba unayoipikia. Kisha jioni moja mama akaja kukaa barazani anatafuna. Jivu mpaka kwenye kiwiko. Mtego wake mwenyewe alikuwa ameusahau!

“Mama,” Leonsia akamwambia taratibu, “nikuletee maji unawe?”

Tulicheka mpaka jirani Malimi akaja kuuliza kuna sherehe gani. Lakini mama alipomaliza kufuta machozi ya kucheka alimshika Leonsia mkono akasema, “Nisamehe, mwanangu. Basi kama si matobolwa, ni nini? Ngosha, mpeleke huyu mtoto mjini.”

Nikampeleka kwa daktari wake wa sukari. Akauliza, kuna dawa mpya? Leonsia akaanza kutazama kucha zake. Kumbe hakuwahi kumwambia habari za vidonge! Ninyi nyumbani kwenu mmefundishwa kwamba ya nyumba hii hayabebwi kupelekwa nyumba ile, naye akaona ni utovu wa adabu kumtaja daktari wa Sengerema mbele ya daktari wa Mwanza.

“Mama,” daktari akamwambia, “mimi na mwenzangu si wake wenza.”

Akatueleza, nami nakupa kwa Kiswahili cha kivuko. Mwili uliosinzia unatumia kidogo kidogo. Ukiamshwa na vidonge, unakuwa injini iliyowaka: ini linamwaga sukari zaidi kwenye damu, na sindano nayo inakwisha nguvu mapema. Kwa hiyo sindano ya wakati wa usingizi haitoshi wakati wa kuamka. Vidonge havina kosa, na mgonjwa hana kosa. Akamwongezea sindano kidogo, akampima tena, akaongeza kidogo. Buluu ikarudi. Lakini alionya: asiongeze mwenyewe kwa kukisia, na asiache vidonge kimyakimya, maana sindano ikishaongezwa halafu vidonge vikaachwa, sukari inaweza kushuka ghafla, mtu akaanguka.

Sasa umeelewa kwa nini nimekosa usingizi wa mchana kwa ajili yako? Chukua vidonge vyako na sindano yako, viweke pamoja mezani kwa daktari wako, useme yote. Ukiona aibu, sema umetumwa na shemeji yako, yeye hana aibu.

Nisalimie mumeo Mutayoba na binti yenu Renatha. Mama Dorotea anakusalimu. Matobolwa anakutumia, lakini anasema umwulize daktari kwanza.

Na Leonsia amekuachia hili. Jioni, ziwa likilala, anaimba tena. Anaimba sauti yake peke yake, na akifika mahali pako ananyamaza, anaiacha nafasi yako ipite, halafu anaendelea. Mimi nilijaribu kuijaza, nikafukuzwa. Mungu akuamshe taratibu, uje uijaze mwenyewe.

Mimi shemeji yako nikupendaye bila kuficha,
Ngosha Masalu