Bustani ya Kutisha ya Yaya Feli

Yaya,

Dada yangu mkubwa, nianze na habari utakayoifurahia: lile ua lako linalonuka limechanua. Lile tulilolichimba msituni kule Lubunga, ng'ambo ya mto, tukalivusha kwa mtumbwi likiwa limefungwa ndani ya kitenge chako cha zamani. Limenuka nyama iliyooza kwelikweli, kama ulivyoniahidi. Jirani yetu Mama Henriette alitoa vyombo vyote nje akitafuta panya aliyekufa chini ya kitanda. Nikamwacha atafute. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu, nami ningejifanya nakukemea.

Umeme wa maporomoko nao umefika barabara yetu. Wamesimamisha nguzo mbele ya lango letu hasa, na jua likizama tu, taa inamulika yale maua meupe marefu yanayoning'inia vichwa chini, yale uliyoyaita walionyongwa. Vivuli vyake vinacheza ukutani. Basi watoto wa barabara nzima wanakuja kuogopea hapa. Wanaingia wameshikana mikono, wanagusa kifauongo, majani yanajikunja kama mtu aliyezimia, wanapiga kelele na kukimbia. Punde si punde wamerudi. Wengine wameanza kuleta wadogo zao.

Nakumbuka siku ulipopeleka magauni kwa yule madamu wa Kizungu uliyekuwa ukimshonea, ukarudi umenuna. Kumbe ni mawaridi yake. Ulisema yamejipanga kama askari wanaongoja bendera, mtu hawezi hata kupiga chafya mbele yake. Hapo hapo ulichukua chaki yako ya kushonea, ukachora nyuma ya mlango bustani ambamo mtu hataingia bila kusali kwanza. Hapa yale majani yenye madoa mekundu, kama damu imedondoka. Hapa linalonuka. Hapa walionyongwa. Mimi nimekaa na uzi mdomoni nakuambia watu watatuita wachawi. "Bon, waseme," ukanijibu. "Bustani ya wachawi iko muzuri kupita ya madamu."

Tuligombana juu ya sehemu moja tu ya mchoro, pale langoni ulipochora msalaba. Pale ulitaka mti wa makaburi, ule wenye majani mekundu ambao kwetu hupandwa juu ya kaburi na si mahali pengine. Nilikataa. Nani anapanda kaburi mlangoni kwake? Nilikuambia ukiuleta mimi nahamia kwa baba mdogo, Tonton Albert. Ulinitazama, ukacheka, ukapangusa chaki kwenye gauni. Lakini pale langoni hukupanda kitu kingine chochote. Paliachwa wazi mpaka tumbo likaanza kukuuma, ukaacha kushona, ukaacha kula, ukatuacha.

Siku ya maziko Tonton Albert, kwa kuwa ndiye mdogo wa baba aliyebaki, alichomeka tawi jekundu kwenye udongo wako. Mimi nilisimama mbali. Unanijua, mimi mwoga. Nilikumbuka tulipomzika mama, nikiwa mdogo, ulivyonivuta mkono mpaka penye majani yale. "Hii iko majani tu, petite, mdogo wangu. Gusa." Sikugusa. Ukagusa wewe, halafu ukagusa tena, ukasema hiyo ya pili ni ya kwangu.

Matanga yalipokwisha Tonton akasema bustani ing'olewe. Watu wanaogopa kupita, alisema, na muhogo unaliwa, walionyongwa hawaliwi. Nililia tu, kisha kesho yake nikaenda makaburini, nikakata tawi kwenye kaburi lako.

Ndiyo, Yaya. Mimi. Unajua kwetu hakuna anayekata kitu cha kaburini. Nikakuomba radhi kwa sauti kama mwizi mwenye adabu. Nikalichomeka langoni, pale pale kwenye msalaba wako.

Tonton alipoliona alikaa chini. Akasema: "Ile iko kitu ya Feli. Kama yeye anakubali, itashika. Kama inakauka, mi natosha yote, nang'oa kabisa, napanda muhogo." Nikakubali. Ningekataaje?

Basi likaanza kukauka. Majani yalidondoka yote, kikabaki kijiti. Nilileta maji asubuhi, nilileta maji jioni, na nilikugombeza, nisikufiche. Nilikuambia, Yaya, ulikuwa mkaidi maisha yako yote, leo ndiyo unashindwa? Mama Henriette akawa anakuja kila kukicha kuomba chumvi, macho yote kwenye kijiti. Tonton naye akaleta jembe lake, akaliegemeza ukutani. Nilikuwa nikiliona jembe lile moyo unanishuka. Niliona nakuzika upya, na safari hii peke yangu.

Jana asubuhi Tonton alikuja amekunja suruali, tayari kwa kazi. Aliinama kwenye kijiti akae sawa akishike, aking'oe. Akabaki ameinama. Nikadhani mgongo umemkamata. Nikasogea. Ubavuni mwa kijiti kulikuwa na jani, dogo, jekundu, bado limejikunja kama kidole cha mtoto mchanga.

Tonton alichukua jembe lake, akalipangusa ingawa halikuwa na udongo. Alipofika langoni akavua kofia. "Bonjour, Feli," akasema, akaenda zake.

Kwa hiyo bustani yako imekamilika, na inabaki. Chaki ya mlangoni sitaifuta. Watoto wataendelea kuja kuogopa, na anayekataa kugusa nitamshika mkono. Na siku yangu ikifika, nimeshamwambia Tonton na nimemwambia Mama Henriette kwa sababu yeye hasahau: tawi langu walikate hapa langoni, wasilitafute pengine.

Lala vizuri, Yaya wangu. Nimekukosa mpaka kwenye vitu vya kijinga, mpaka kwenye sauti ya cherehani.

Jana, Tonton alipokwisha kuondoka, nilipiga magoti pale langoni nikaligusa lile jani. Iko majani tu. Halafu nikaligusa tena, na hiyo ya pili ni ya kwako.

Petite wako,
Vero