Upepo Uliokosa Pa Kutokea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nyakanazi tu wazima, na babu yako sasa anatembea bila mkongojo. Unauliza kwa nini chumba chako kina joto wakati dirisha ni kubwa.

Miaka ile ya wakimbizi nilikodi ghala hapa, nikaligawa vyumba sita kwa mbao ili walale madereva waliopeleka chakula kambini. Wakalalamika kwamba wanakoromeana, nikaziba kwa mbao ile nafasi ya juu hadi darini. Asubuhi dereva mmoja akatoka ametota jasho. “Mama, umetuchemsha kama ndizi! Leo nalala kwa jirani.” Wote wakamfuata.

Nikaingia chumbani na kijinga cha moto. Dirisha lilikuwa wazi, lakini moshi ulisimama palepale. Nikamwita fundi akate shibiri mbili juu ya kila ukuta wa mbao.

“Watasikilizana!” akasema.

“Wasikilizane, ila wapumue.”

Akakata, nikarudi na kijinga: moshi ukapita vyumba vyote, ukatokea dirisha la mwisho. Wageni wakarudi. Yule fundi mpaka leo anajigamba kuwa wazo lilikuwa lake. Mwongo mkubwa!

Kwa hiyo usikimbilie feni. Mwambie mwenye nyumba atoboe juu ya mlango. Akikataa, mwambie bibi yako anakuja na msumeno.

Bibi yako anayekupenda