Kuanza Mwisho

Msambweni,
Februari 1965

Kaka Kitsao,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mbuzi wa Mama amezaa pacha, na mmoja amekataa kunyonya.

Baba anataka kulitoa gari letu katika mbio kubwa za Pasaka. Analalamika kwamba kila mwaka timu yetu hupangwa kuanza mwisho, barabara ikiwa imekwisha kuchimbuliwa na magari ya wakubwa. Mjomba Tembo, fundi wetu, hataki kusikia. Jana alimwuliza, "Shemeji, limechoka gari au umechoka wewe?"

"Nimechoka kula vumbi la watu."

"Basi kaa jikoni, ule moshi."

Baba hakucheka. Wamekubaliana kungoja neno lako, kwa kuwa wewe ndiwe msomaji wake wa ramani. Nami nimechoka kuwasikiliza.

Malalamiko yake ni ya kweli, Kaka. Lakini Jumapili nilikwenda naye Ramisi, na trekta la miwa lilikuwa limesimama katikati ya barabara, mchana kweupe. Hakupunguza mwendo mpaka nilipopiga kelele. Tulipojikwamua mtaroni alisema jua lilimpiga usoni. Jua lilikuwa nyuma yetu. Na Mama siku hizi humpa kikombe mkononi, hakiweki mezani.

Sijamwambia mtu. Tafadhali mwandikie kwamba hata wewe umechoshwa na kuanza mwisho, na kwamba mwaka huu husomi ramani. Mwache atoke kwa hasira. Macho usiyataje.

Mdogo wako akuombeaye heri,
Jumwa