Mkono wa Nani Kwenye Mashine ya Presha?

Mshauri, nisaidie, na ukiweza unijibu kabla ya Jumatatu, kwa sababu nyumbani kwangu kuna njama na mimi ndiye ninayechezewa, nina hakika asilimia tisini na saba, na hizo tatu nimezibakiza kwa heshima tu.

Chuoni nilisomea nyota, lakini nyota hazina ajira, nikaishia hospitalini kwenye ofisi ya utafiti, nachambua namba. Utafiti wenyewe ni wa presha: wagonjwa mia mbili wamepewa kila mmoja mashine ya kujipimia nyumbani, kila asubuhi mtu anajifunga mkononi, majibu yanatumwa kwa simu hadi kwenye kompyuta yangu, na kila baada ya wiki sita daktari anayaangalia na kuamua dozi iongezwe au ipunguzwe. Mimi naona namba tu, majina siruhusiwi, na nimesaini karatasi kwamba sitatafuta nani ni nani. Nimesaini, sikatai.

Sasa kuna mgonjwa namba sitini na nne. Fomu inasema ana miaka sitini na nane, lakini presha yake ni 118 kwa 76 na moyo unapiga mara hamsini na nne kwa dakika, kila siku iendayo kwa Mungu, nikasema mashine hii mbovu. Halafu siku mbili ikaruka hadi 188 kwa 112, siku mbili zilizofuata kimya kabisa, ya tano ikarudi kulekule kuzuri. Kwenye nyota tulifundishwa kwamba kitu usichokiona unakijua kwa jinsi kinavyovuruga mwanga wa jirani yake, basi nikajiuliza, hapa kuna mtu wa pili, ni nani? Nikaangalia ujumbe unapitia mnara gani wa simu, na nilijua nakosea, nikaangalia hivyo hivyo, nikakuta ni ule wa mtaani kwetu, ulio juu ya duka la dawa. Na siku zile nne ndizo wifi yangu, anayekimbia kila asubuhi kabla ya kazi, alikuwa kwenye semina. Wifi anaishi kwetu. Mama mkwe anaishi kwetu. Mama mkwe ana presha, tena ana miaka sitini na nane, na hajawahi kunitamkia kwamba yumo kwenye utafiti!

Nikafanya jaribio. Majibu huingia saa moja na dakika kumi asubuhi, kwa hiyo Jumanne dakika tano kabla nikamtuma wifi mkate.

"Si upo?" akasema.

"Umekauka," nikasema, na wala haukuwa umekauka.

Nikajifungia bafuni na simu. Majibu yakaingia saa moja na dakika thelathini na tano, dakika nne baada ya wifi kurudi. Jana nikarudia kwa maziwa, mambo yakawa yaleyale, nikanyata hadi mlangoni kwa mama mkwe nikasikia mashine inavuma na yeye anasema, "Fanya haraka, yule asije akatusikia." Yule! Mimi ndiye yule!

Mshauri, hawa wananihujumu. Mama hajawahi kuipenda kazi yangu, husema kuhesabu najua ila kuongea na watu sijui, na tangu baba mkwe aingie hospitali hiyohiyo kwa miguu yake kwa ajili ya presha na asitoke, nikitaja kazini anageuza uso. Wanataka utafiti uharibike nifukuzwe. Jumatatu daktari atampunguzia sitini na nne dawa iwe nusu, maana kwenye kompyuta amepona. Nikisema, itajulikana nimepekua na kazi itaota mbawa, nikimwambia mume wangu atasema namwandama mama yake, nikinyamaza wao wamenishinda. Je, niwarekodi kwa simu? Au nifanye jaribio la tatu?

Mkwe Anayehesabu

*

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Jaribio la tatu la nini? Utamaliza mikate dukani! Hebu nionyeshe ni wapi humo ulipoandika kwamba unaogopa mama asije akaanguka. Nimetafuta, sijapaona. Ile 188 kwa 112 wewe umeifanya ushahidi. Hiyo ndiyo presha yake, kwa mkono wake mwenyewe, siku ambazo hakuwa na wa kumwazima mkono. Na Jumatatu anapunguziwa dawa.

Kichwa chako kizuri, sikunyimi hilo. Umeona kilichompita daktari. Lakini njama zako tupa kule. Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita kama hulijui: mumewe aliingia pale kwa miguu yake na hakutoka. Namba ikiwa mbaya, mama ataitwa alazwe. Nadhani anachokikimbia ni kile kitanda, wala si wewe. Nasema nadhani, kwa sababu simjui. Wewe unamjua, na hujamuuliza. Nyota sikulaumu kuikisia, haifikiki. Mama yuko chumba cha pili.

Wifi yako naye ana lake. Mtu mzima anaazimisha mkono kama anaazimisha mwavuli! Mwambie nimesema.

Leo ni Ijumaa. Gazeti litachelewa, kwa hiyo nimemwomba mhariri akupigie kwa namba uliyoacha akusomee jibu hili sasa hivi. Akimaliza, mpigie mkuu wa utafiti. Mwambie majibu ya sitini na nne si ya mgonjwa, dozi isiguswe, na umweleze umejuaje. Yote, na mnara wa simu ndani yake. Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya. Ulivunja karatasi uliyosaini, na wale wagonjwa wengine mia moja tisini na tisa wana haki ya kujua siri zao haziguswi.

Kisha nenda nyumbani. Mpitie mumeo kazini, mkamsikilize mama mkiwa pamoja. Gonga mlango wa mama, usinyate tena. Anza na kosa lako: "Mama, nimekupekua, nisamehe, na sasa naogopa." Muulize siku ile ya baba mkwe ilikuwaje, halafu ufunge mdomo hadi amalize, hata akilia, hata akikulaumu. Akimaliza, mfunge mashine mkononi mwake, mumeo akiwa amemshika mkono wa pili. Kama presha bado iko juu, msikae kujadiliana, mpelekeni leo leo. Kama hospitali hiyo hataki hata kuisikia, ipo nyingine. Akilazwa, wewe ndiye wa kukaa naye, na usiondoke hata akikugeuzia uso.

Na mashine ikitoa namba kubwa, kama ninavyohofia, usimwambie "nilijua." Mwambie, "Twende, Mama."