Mzinga Ulionyamaza Siku ya Idi

Mjukuu wangu Salim,

Sote hapa Bawshar, Maskati, tunakusalimu. Mama yako mzima. Mimi nipo, nimechoka tu, na macho yananiuma, basi nnaandika kifupi.

Umeuliza kama nishawahi kuona mzinga wa kale ukipigwa, kwa kuwa huko makumbusho mnataka kuupiga wenu kwenye maonyesho. Nimeona. Tulivyotoka Unguja mwaka sitini na nne sitaki kukusimulia. Tulipofika Maskati, babu yako na rafiki yake Khamis walipata kazi ngomeni ya kupiga mzinga wa Idi.

Mwaka mmoja waliwasha utambi, mzinga ukanyamaza. Sisi tuliokuwa chini tukasikia watu wakizomea. Khamis akataka kwenda kuuchokoa, babu yako akamkamata.

"Niache, Nassor! Wanatucheka!"

"Wacha wacheke. Usiusogelee, huenda moto ungalimo ndani."

Walingoja mpaka jua likawa kali, ndipo wakaimwagia maji ile baruti. Idi ikapita kimya. Sokoni babu yako akaitwa mwoga, na akarudi nyumbani hana hata hamu ya kula.

Utunzeni mzinga wenu, mwanangu, na mkitaka upigeni. Ukinyamaza, ngojeni, hata mkizomewa. Khamis alimnunia babu yako mpaka Idi ya pili. Lakini alinuna yu hai.

Bibi yako anayekuombea,
Zuwena