Jumapili Niliyomshinda Shefu wa Bariyeri

Jumapili, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na mtaa wetu wote wa Bwiza unanuka matope na mkaa uliolowa. Naandika kwa kalamu. Nitachapa ofisini bandarini siku bosi akitoka. Huku mtandaoni hakuna mtu wa mtaa wetu anayesoma, kwa hiyo naweza kusema ukweli.

Nina aibu. Wacha nianze na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, kwa kujitetea sina mpinzani.

Mi ni mpangaji wa Papa Idi, fundi magari. Chumba changu kinatazamana na mlango wake, uani. Yeye na mkewe, Mama Zaina, wamenifanya mtoto wao tangu vita iliponihamisha kwetu. Mama Zaina anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kila siku anatoka alfajiri, kuvrefe haijaisha, wakati watu wengine bado wamekatazwa kutoka nje, na anapita kwenye bariyeri ya wanajeshi kwenda ziwani kuwapokea wavuvi. Akingoja mpaka kuvrefe iishe, anakuta wenye magari wameshanunua samaki wote. Riziki ya nyumba nzima inapita pale bariyeri, pamoja na ugali ninaokula mimi bila kulipa.

Shefu wa bariyeri, mkubwa wa wanajeshi hao, alikuwa anamruhusu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Huyo Shefu anakuja kwetu kila Jumapili mchana kucheza poka. Wanacheza chini ya mabati ya gereji, Shefu, Papa Idi na mafundi wake wawili, kwa vizibo vya soda ambavyo mwisho wa mchezo vinageuzwa kuwa hela kidogo. Na Shefu anacheza vile anavyosimamisha magari. Awe na kitu, asiwe na kitu, anaongeza dau. Anasukuma vizibo kwa kiganja, anakukazia macho, anauliza, "Unafuata ao unalala?" Na wote wanalala. Papa Idi anaweka karata zake chini taratibu, anasema, "Umeniweza, Shefu," anammiminia chai.

Mi nilikuwa natazama pembeni nikicheka moyoni. Nikasema hawa wanaogopa ile bunduki iliyoegemezwa ukutani, na poka hawaijui. Mimi naijua. Nilifundishwa bandarini na karani mmoja wa boti ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, siku zile mizigo inakaa bila kupakuliwa. Jumapili iliyopita nikaomba kiti.

Kumshinda mtu wa aina ya Shefu si kazi ngumu, ni kazi ya uvumilivu. Unakaa upande ambao yeye anasema kwanza, wewe unasema baada yake. Karata mbovu unatupa bila uchungu, hata raundi kumi, acha akuone mwoga. Ukipata nzuri, usiongeze dau. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanapata nzuri, wanataka kumtisha mtisha watu, anashtuka na kukimbia. Wewe fuata tu. Jikune kichwa, guna, fuata. Mwache yeye mwenyewe apeleke vizibo vyake vyote katikati, maana mtu wa hivyo hajui kurudi nyuma.

Nikapata malkia watatu. Shefu alibadilisha karata tatu, maana yake alikuwa ameshika jozi tu. Akaongeza. Nikafuata. Akaongeza tena, nikapumua kama mtu anayelipia kosa, nikafuata. Mwisho akasukuma vyote. Nikafunua malkia wangu mmoja mmoja, polepole, jambo ambalo halikuwa na lazima yoyote.

Alikuwa na nane mbili.

"Félicitations, kijana," alinipongeza, akacheka kidogo. Fundi mmoja akakohoa. Papa Idi hakumimina chai, na mi, mjinga, nikadhani ananionea wivu.

Papa Idi ni mtu wa swala tano. Hata tombola hanunui, anasema ni haramu. Lakini kila Jumapili alikuwa anakaa mbele ya karata na kupoteza, na sikumsikia akilalamika hata mara moja. Akili yangu yote hiyo ya kusoma nyuso za watu haikuuliza swali hilo.

Jumatatu alfajiri Mama Zaina alisimamishwa bariyeri. Aliambiwa ni amri mpya. Akakalishwa chini kando ya barabara, beseni mapajani, mpaka jua lilipopanda. Jumanne vilevile. Jumatano akajaribu kuzunguka kwa kupita kwenye mtaro, askari akapiga risasi hewani, Mama Zaina akaanguka na kuumia mkono. Alirudi bila beseni. Mimi siku hiyo nilikuwa bandarini, nawasimulia wenzangu habari za malkia watatu.

Ijumaa baada ya swala Papa Idi aliniita. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza.

"Mwanangu," alisema, "yule ukimupa kitu mukononi anakasirika. Anasema yeye si mwizi, ni mwanajeshi. Lakini akishinda hapa mezani, anaona ni akili yake, na siku nzima roho yake iko muzuri. Sisi tunalipaka pale. Unafikiri mi napenda karata?"

Nilikosa mahali pa kuweka macho. Mwaka mzima mzee wa watu anabeba dhambi asiyoitaka kila Jumapili ili mkewe apite salama, na mi nikamwona mchezaji dhaifu. Nikamwambia nitarekebisha. Akasema, "Apana, wacha tu." Lakini mi nikasema nitarekebisha, kwa sababu bado nilikuwa najiona mjuzi.

Leo Shefu alikuja, mvua ikinyesha. Alikuwa mchangamfu, anataka kulipiza, na niliona wazi kwamba alikuwa ameisubiri siku hii. Nikaanza kupoteza kwa adabu. Raundi hii kidogo, raundi ile kidogo. Akaanza kuimba chini chini. Nilimwona Papa Idi analegeza mabega, nikajisifu moyoni: unaona, mambo yanakwenda.

Halafu nikapewa wafalme watatu na kumi mbili. Karata ambazo mtu anaweza kukaa miezi asizipate. Shefu akaongeza dau, akanikazia macho, akauliza swali lake. Papa Idi alishalala. Nikaziweka zangu kifudifudi, nikasema, "Umeniweza, Shefu."

Nilisema kwa sauti ya Papa Idi. Maneno yaleyale, upole uleule.

Shefu aliacha kuimba. Akanyoosha mkono akafunua karata zangu. Kisha akafunua za Papa Idi: asi mbili. Za kwake mwenyewe alizilaza mezani, na hazikuwa na kitu chochote.

"Toka lini?" aliuliza.

Hakuwa ananiuliza mimi. Papa Idi alikuwa anatazama mikono yake. Mafundi wote wawili walikuwa wanatazama mvua.

Angekasirika ningejua la kufanya, ningeomba msamaha, ningesema ni mimi. Hakukasirika. Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu wa umri wangu. Aliwahi kutuambia kwamba Jumapili hapa gereji ndipo mahali pekee anapopumzika. Akarudisha vizibo vyote katikati ya meza, hata vile alivyoshinda kihalali, akachukua bunduki yake. "Asante kwa chai, Papa," alisema, akaondoka katika mvua bila kuvaa kofia.

Hatujui kesho itakuwaje. Pengine ataona haya na kumwacha apite. Pengine atafanya jambo baya kuliko kumkalisha chini. 

Nimekwenda kwa Mama Zaina jikoni. Alikuwa anaosha beseni aliloazima kwa jirani, kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa kitambaa. Anasema kesho anakwenda, samaki hawatamfuata nyumbani. Nikamwambia nitamsindikiza, nitatangulia mbele yake, na Shefu akitaka mtu wa kulaumu nitakuwepo. Nikamwomba anigongee dirisha akiamka.

Hakugeuka. "We lala, mwanangu," alisema. "Umeshatusaidia vya kutosha."

Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Akifungua mlango wake, nitasikia.